Saikolojia ya mpokeaji: ndege anavyoamua sura ya kipepeo

Rangi, mlio au mkia wa mnyama huwa ishara yenye faida pale tu mwenye kuipokea anapoiona, anapoitofautisha na nyingine na kuikumbuka. Uwezo huo wa anayepokea ndio huitwa saikolojia ya mpokeaji, wazo lililofafanuliwa na watafiti wa tabia za wanyama Tim Guilford na Marian Stamp Dawkins mwaka 1991.

Mchukue kipepeo Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ambaye Afrika Mashariki anaonekana hata bustanini. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini mwake. Lakini sumu inayogunduliwa baada ya kumezwa haimfai marehemu. Ndege inabidi ajue mapema.

Miaka ya 1960 huko Marekani, mwanabiolojia Lincoln Brower alimlisha ndege wa buluu wa jamii ya kunguru kipepeo aitwaye monaki, ndugu wa huyu wetu. Ndege akala vizuri tu, kisha akatapika. Baada ya hapo, akimwona monaki hamgusi. Sumu ilikuwa imeshatoka tumboni; rangi ilibaki kichwani.

Na kichwa cha ndege hakishiki kila rangi kwa urahisi sawa. Inayojitenga wazi na majani hushikwa upesi, ndiyo maana wadudu wengi wenye sumu wana nyekundu, njano na nyeusi. Waliofifia waliendelea kuonjwa, wakaacha watoto wachache. Hakuna aliyepanga hayo.

Ndege pia hujumlisha: kinachofanana na kibaya, kibaya. Jike wa kipepeo Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu yoyote, anaishi kwa udhaifu huo, maana amefanana mno na Danaus (dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, hata huwezi kudhani ni mume wake). Waigaji wakizidi, hata hivyo, ndege huonja watamu wengi na somo linafutika.

Mpokeaji si lazima awe adui. Kinangop, Kenya, mtafiti Malte Andersson aliwakata mikia baadhi ya madume ya Euplectes progne, ndege weusi wenye mikia ya nusu mita hivi, na wengine akawaungia vipande kwa gundi. Matokeo aliyatoa mwaka 1982: waliorefushwa walipata viota vingi zaidi vya majike katika maeneo yao. Majike walivutiwa na mkia mrefu kuliko wowote wa asili, kwa hiyo kinachouzuia usizidi kurefuka huenda ni mzigo wa kuruka nao.