Utando wa sabuni kwenye mashine ya kunyolea

Chukua mashine ya wembe ambayo haijafunguliwa mwezi mzima. Zungusha mpini, toa kofia, toa kitako. Ule weupe ulioganda kwenye meno na chini ya kofia ndio utando wa sabuni. Ukiwa umelowa huteleza kama ute. Ukikauka hushika, na hata ukiusugua kwa sabuni haubanduki. Wengi hulaumu wembe kuwa butu, kumbe nafasi ya kupitisha povu na nywele imezibwa.

Utando si sabuni iliyobaki tu. Sabuni ni mafuta yaliyopikwa kwa kostiki soda, na huyeyuka majini. Ikikutana na maji yenye kalsiamu na magnesiamu, mafuta yale huiacha soda na kushikana na madini hayo, kikatoka kitu kipya kisichoyeyuka. Mombasa madini hayo hatuyatafuti: kisiwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile lililojengewa nyumba za Mji wa Kale, na maji ya kisima hupita humo humo. Ndiyo maana povu la maji ya kisima hufa mkononi, la maji ya mvua likajaa bakuli.

Maji hayo twayaita ya chumvi, na jina hilo hupoteza watu kidogo. Utando huletwa na chokaa, yaani madini yale ya jiwe. Chumvi huleta kutu. Ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

Chokaa huondoka kwa kitu kikali cha uchachu. Toa wembe, changanya siki nyeupe na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, loweka dakika tano, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Ndimu pia yafaa. Ndiyo iyo hiyo inayong'arisha sinia la shaba. Usilaze mashine ndani ya siki usiku kucha. Vichwa vingi vya bei nafuu ni zinki iliyopakwa kromu, na kromu ikichubuka siki huila zinki. Jiki usiitie kabisa.

Kutu huzuiwa kwa ukavu. Ukimaliza kunyoa, suuza kwa maji matamu, hata kikombe kimoja, ukung'ute, uiweke penye upepo. Bafuni, kwa unyevu wetu wa pwani, haikauki. Makali usiyafute kwa taulo: utayaharibu, au utajikata. Tone la mafuta ya cherehani kwenye hesi ya mpini hutosha muda mrefu. Wembe wenyewe ukishaota kutu utupe, tena ndani ya kopo lililofungwa, maana mzoa taka naye ana mikono.

Brashi ya kupakia povu hupata utando huo huo, kwenye mashina ya nywele zake. Siki iwe hafifu zaidi, na maji yasiwe ya moto: gundi inayoshika nywele huachia.