Je, wajua miwani nne zinakubaliana vipi "hapa" ni wapi?

Watu wanne wamezunguka meza tupu, kila mmoja kavaa miwani ya AR, yani ile teknolojia inayofanya vitu vya kompyuta vionekane vimekaa ndani ya chumba halisi, na wote wanapanga jengo moja ambalo halipo. Mmoja akisogeza ukuta wenzake wanaona umesogea. Sasa mbona jengo halikai mezani kwangu halafu kwako likaelea juu ya kichwa cha mtu?

Kuchora jengo ndo kazi rahisi kumbe. Miwani ikiwashwa haijui iko wapi, inaanza kuhesabu sifuri pale pale ilipo, kwa hiyo watu wanne ni sifuri nne. Inachofanya, kamera inaokota alama ndogondogo chumbani, kona ya meza, maua ya zulia, ukingo wa dirisha, inazichanganya na vihisi vya mwendo na kujichorea ramani huku wewe unatembea. Kifaa kimoja kikishusha nanga mahali, yani pointi moja ya chumbani ya kupimia vitu vyote, alama za pale zinatumwa kwa wengine, wakizitambua basi wote wanapimia kwenye nanga ileile (2018 Google walileta nanga za aina hii zinazopitia seva zao, na Apple mwaka huohuo wakawezesha vifaa kupeana ramani). Ukuta mweupe mtupu ndo unawasumbua, hauna cha kushika.

Haya, mashine zimeelewana, bado watu. Ukiweka maandishi juu ya jengo, aliye ng'ambo ya meza anayaona kinyume. Ukiyageuza yamtazame kila mtu kivyake yanasomeka, ila ukisema "lile neno la kushoto" kila mtu ana kushoto kwake! Wawili wakishika ukuta mmoja je? Lazima programu ionyeshe nani kaushika, mwingine asubiri. Na ile ya kumpa fundi wa mabomba aone mabomba yake peke yake ni nzuri, lakini mimi naona ni hatari kama wenzake hawajui anaangalia nini, maana anakataa ukuta na hakuna anayeelewa kwa nini.

Pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, 1999, watafiti John Underkoffler na Hiroshi Ishii walionyesha Urp, meza ya kupangia mji isiyohitaji miwani kabisa: vijengo vya kushikika kwa mkono, projekta juu inamwaga vivuli vyao, ukizungusha saa vivuli vinahama. Nani kashika nini unaona kwa macho tu.