Kibaka kupewa dhamana si mwisho wa kesi

Ngarenaro na Sombetini hapa Arusha, kibaka akikamatwa leo na kuonekana mtaani keshokutwa, watu husema polisi wameshakula. Rushwa ipo, tena inauma, lakini kuonekana kwake si ushahidi wa rushwa. Wizi wa simu una dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kesi bado ipo. Itakufa mlalamikaji asipotokea, au shahidi akiogopa lawama za majirani. Basi tunza namba ya RB, yaani ya taarifa uliyoandikisha kituo cha polisi, mfuatilie mpelelezi au polisi kata, na ukiitwa mahakamani nenda. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukiombwa hela, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo.