Je, wajua kwa nini kushuka Soni humtoa jasho dereva aliyezoea Kariakoo?

Mtu anayepenya Kariakoo jioni, katikati ya bodaboda, mikokoteni na daladala, utadhani hakuna barabara itakayomtisha. Mpeleke Lushoto. Kupanda kutoka Mombo atapanda, na mapeasi atanunua. Kasheshe ni kurudi: mikono inalowa kwenye usukani, mguu haubanduki kwenye breki.

Woga huo una hesabu nyuma yake. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kupitia kona za Soni, ni kama kilomita 33, na ndani ya hizo unashuka karibu mita 1,000 kwa kimo. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo hicho huzalisha joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Linalobaki, ukitegemea breki peke yake, linaishia kwenye diski na pedi zisizojaa hata beseni.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoleta balaa. Hunyonya unyevu kidogo kidogo, na hewa ya Dar unyevu inao wa kutosha. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, tofauti na mafuta. Unakanyaga pedali, inazama kama godoro. Ndiyo maana mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kikopo chake kimejaa.

Dawa ni kuiachia injini kazi. Madereva wa malori wa mlima Kitonga, Iringa, wana kanuni yao: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Kwa gari dogo la manyuo hiyo mara nyingi ni gia ya pili. Gari la otomatiki lina alama za kushukia mteremko: L, 2, S au B. Ukiiacha D, litakimbia lenyewe. Ingiza gia hiyo kabla mteremko haujaanza, si katikati ukiwa umeshachelewa. Injini itanguruma. Iache ingurume, mradi mshale wa mizunguko ya injini haujafika eneo jekundu. Gari likifika kilomita 40 kwa saa, kanyaga breki kwa uthabiti hadi 30, kisha achia kabisa ili zipoe. Kuziparaza muda wote, hata kwa mguu mwepesi, ndiko kunakoziunguza.

Na wale wanaoshuka nyutro eti wanabana mafuta? Wanajidanganya. Injini nyingi za siku hizi hukata petroli gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mwendo. Kwenye nyutro zinaendelea kuinywa.

Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta sehemu pana usimame nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Jiwe la kuzuia liweke mbele ya tairi, kwa kuwa gari linaelekea chini, na ukiondoka uliondoe barabarani, tafadhali. Pedali ikizama ukiwa mwendoni, ipampu haraka haraka, shusha gia, vuta handbreki taratibu, na kaa upande wa mlima.

Sababu ya pili ni macho. Mjini dereva husoma dalili: bodaboda akigeuza shingo, unajua anakata kushoto. Kwenye kona za Soni dalili hizo hazipo, hivyo akili inabaki inakisia, na kukisia kunachosha. Mwenye woga hukodolea korongo, na gari hufuata macho. Tazama mwisho wa kona unaouona, piga honi kabla ya kona usiyoiona, na mwachie njia anayepanda. Mazoezi ya kuondoka mlimani kwa handbreki yanaweza kufanyika karibu tu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe.

Ukiegesha na kutembea hadi ukingo wa Irente, karibu na Lushoto, mwili unarudia hadithi ileile. Macho husaidia kusimama wima kwa kulinganisha na vitu vilivyo karibu; pale kilicho mbele ni bonde la mbali, kwa hiyo mwili huyumba zaidi, nawe unahisi kizunguzungu. Shika mti, au tazama jiwe lililo hatua mbili mbele.

Na magoti yakitetemeka kwenye njia ya kushuka, si lazima iwe hofu. Misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavuta huku ikirefushwa, jambo linaloichana vichano vidogo vidogo. Piga hatua fupi, magoti yakunje kidogo, kaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele. Maumivu yenyewe hukolea siku moja hadi tatu baadaye, kwa hiyo aliyeshuka Jumapili atashuka ngazi za ofisini Jumanne kinyumenyume.