Mwonyesheni msomaji tope

Riwaya ya saba hii tangu Ramadhani. Naletewa mswada kwa simu, sura ishirini, riwaya ya mapenzi na taharuki, mandhari Lamu. Mgeni mtanashati anashuka gatini, ana mashua Shela, ana pesa zisizojulikana zatoka wapi. Binti wa mtaa wa Mkomani anampenda. Sura kumi na tisa wanapendana. Sura ya ishirini, kumbe! Yule mgeni ndiye aliyemuua kaka wa binti. Chini yake mwandishi kaniandikia, roho kwatu: "Bi, nimeficha vizuri, eti? Hata wewe hukujua."

Sikujua, ni kweli. Wala sikujali, maana katika sura zote kumi na tisa hapakuwa na kitu cha kunikosesha usingizi. Mtoto akikurukia kutoka nyuma ya mlango utashtuka, lakini huwezi kusema ulikuwa na hofu tangu asubuhi. Hiyo hofu ya tangu asubuhi ndiyo tunayoiita taharuki, na haiji kwa kuficha. Huja kwa kumwambia msomaji jambo, kisha kumweka akingoja.

Na sisi wa pwani hii ndio tusio na udhuru kabisa, maana kisa cha Fumo Liyongo tumekisikia kabla hatujajua kusoma. Yumo gerezani, mama anamwokea mkate wa wishwa, ndani katia tupa, chuma cha kukatia minyororo. Sisi wasikilizaji tunajua tangu mkate ungali jikoni. Walinzi hawajui. Kila siku mikate mizuri wanaila wao, na huu wa makapi, je, wataupitisha au wataumega? Nyanyangu akifika hapo alikuwa akinyamaza, akatengeneza tasbihi yake mkononi, akatuacha tuteseke. Kisha kuna mwanawe, aliyetumwa na maadui aulize ni silaha gani imwuayo babake. Tunajua katumwa. Baba mwenyewe anashuku katumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Anamwambia kwa kuwa ni mwanawe. Hapo mapenzi na hatari vimo katika sentensi moja, na hakuna aliyefichwa kitu.

Wengi mnaoniandikia mnavigawa kwa zamu, kama watu wanaopokezana kasia. Sura ya mapenzi, sura ya hatari, sura ya mapenzi. Matokeo yake ni riwaya mbili zilizoshonwa pamoja, na msomaji huruka ile asiyoipenda. Mimi hutafuta tendo moja linaloweza kusomwa pande mbili. Nitoe mfano kutoka kitabu ninachoandika sasa.

Mwanamume amesema analala Shela, kwa mjomba wake. Alfajiri binti yuko darini, anamwona akipita kichochoroni. Kikoi kimelowa hadi magotini, na pindoni pana tope jeusi la mikoko. Ufuo wa Shela ni mchanga mtupu. Utautembea saa nzima na zaidi usikanyage tope. Kwa hivyo kadanganya. Lakini kabla hajafika mlango wa nyumba yao binti, anasimama penye daka, anainama, anavua makubadhi yake na kupita miguu mitupu, polepole, hata paka hakugeuka. Sasa niambieni, kavua kwa nini? Mpenzi huvua asimwamshe mpenziwe. Mwizi naye huvua. Sikuandika neno zaidi pale. Binti akishuka ngazi kwenda kuinjika chai anataka kuamini moja, na mkono wake unatetemeka kwa ajili ya lile jingine.

Tope lenyewe halitoshi, maana tope ni ushahidi tu. Makubadhi peke yake ni mahaba tu. Vikija pamoja, asubuhi moja, msomaji hana pa kuegemea.

Hapo huja swali la wahariri wote: kwa nini asimwulize? Ni swali zuri, na ndilo linaloua nusu ya miswada ya aina hii. Mwandishi hupoteza barua, hukatiza mazungumzo kwa mgeni anayebisha hodi, huzima simu ya mtu kwa chaji iliyokwisha. (Chaji nimeitumia mara mbili mwenyewe. Sirudii.) Lakini Lamu inakupa jibu bure, na nashangaa watu wanaozaliwa humu hawalioni. Binti akimwambia mamake alichokiona, swali la kwanza litakuwa: ulikuwa wapi wewe? Darini. Unafanya nini darini saa kumi na moja alfajiri, kichwa wazi, unachungulia njia? Akimwambia kakake, hilohilo. Akienda polisi, kabla adhuhuri mabaraza yote kutoka Mkomani hadi Langoni yanajua nani alikuwa akimtazama nani. Hawezi kumshuhudia mwanamume bila kujishitaki mwenyewe. Basi ananyamaza, na kunyamaza kwake kunamfanya mshirika. Huhitaji barua iliyopotea.

Ila msinielewe vibaya mkaniletea sasa mabinti wasiofanya lolote, wamefunikwa buibui wanalia sura baada ya sura. Msichana wa Lamu ana simu, ana cheti, ana shangazi mjanja kuliko mkaguzi yeyote. Anyamaze kwa kupima, ajue anapoteza nini. Na tafadhali, asivuke kwenda kisiwa cha Manda usiku peke yake kuingia magofu ya Takwa eti "moyo ulimtuma". Aende, sikatai, pazuri pale kwa hatari. Lakini kinachompeleka kiwe kizito kuliko hofu yake, na msomaji awe amekishika mkononi kabla boti haijang'oa nanga.

Kufukuzana kwa magari Langoni sitakujibu. Ukimfukuza mtu mji huu utakwama nyuma ya punda aliyebeba mchanga, na mwenye punda atakuuliza habari za nyumbani.

Nami nisijifanye najua yote. Kitabu changu cha kwanza wapenzi walitoroka kwa jahazi kwenda Pate, mwezi mpevu, saa tano ya usiku, kwa kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Nilijipongeza kwa lile tukio, mbalamwezi juu ya maji, kichwa cha binti begani. Mzee mmoja nahodha akasomewa na mjukuu wake, akaniita nikipita. "Mwanangu, mwezi mpevu ni bamvua, mai hujaa sana na kupwa sana. Saa tano ile mai yamekupwa, Mkanda hauna mai. Wale watu wako wamepwelewa." Nikaona haya. Niliishi miaka yote kando ya bahari, na sikukumbuka kwamba bamvua letu hujaa karibu na saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne, saa tano.

Nilirudi nyumbani nimenuna, kisha usiku nikakaa kitandani wima. Wamepwelewa! Jahazi limelala ubavu matopeni, mbalamwezi kali, mtu wa mbali anawaona kama nzi juu ya maziwa, na maji hayarudi ya kutosha mpaka karibu saa tisa. Kwa muda wa saa nne nzima hawana pa kukimbilia, hawana la kufanya ila kuzungumza, na ndipo ukweli wote ulipomtoka yule mwanamume. Toleo la kwanza ndilo lililochapwa, na kosa limo mpaka leo. Lile la pili bora zaidi ninalo sandukuni. Tangu hapo, kabla sijapanga sura, napanga maji kwanza: siku ya ngapi ya mwezi, yanajaa saa ngapi, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika hamsini.

Kuna jambo jingine sijalimaliza, na vitabu vya kufundisha uandishi nilivyosoma hulipita mbio. Hesabu yangu yote inasimama juu ya mwanamume anayetisha kidogo. Mwisho anatoka safi, wanaoana, wasomaji wananiletea vifijo. Lakini nina mabinti wa miaka kumi na sita wanaonisoma. Nawafundisha nini? Kwamba ukimwogopa mtu, mpe muda, huenda ni mchumba? Mmoja aliniandikia kwamba mchumbake hupekua simu yake "kama yule wa kitabuni". Sikulala. Nimejaribu kumfanya shujaa mpole, na taharuki ikanywea. Nimejaribu kumfanya awe na hatia kweli, na wasomaji wakanisusa. Siku hizi nafanya hivi: siri yake yaweza kumtisha binti, lakini mkono wake na ulimi wake kamwe. Sijui kama inatosha.

Na sijagusa mswada wangu wa kisa cha mwaka 2014, wakati ule wa amri ya kutotoka usiku baada ya mashambulio ya Mpeketoni, wavuvi wamekaa nchi kavu na nyavu zao. Kwa taharuki hauna mfano. Lakini watu walizika watu wao mwaka ule, na kila nikimweka mpenzi dirishani usiku huo, kalamu inanizomea.

Yule kijana wa mswada wa saba nimemjibu jana. Nimemwambia sura ya ishirini aivunje, ushahidi auchukue auweke sura ya pili, binti auone na anyamaze. Amenijibu baada ya Isha:

"Shukran Bi. Lakini nikiweka sura ya pili, si msomaji atajua?"