Idhini ya chemchemi iliyojengwa upya: inaidhinishwa nini hasa?

Idhini ya chanzo cha maji ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mamlaka inayosimamia ubora wa maji ya kunywa. Inasema kwamba chemchemi hii, ikiwa imejengwa hivi na maji yake yakitibiwa hivi, inaweza kuingizwa kwenye mabomba ya umma. Ujenzi na matibabu ni sehemu ya ruhusa yenyewe. Kwa hiyo chemchemi ambayo watu wameinywa miaka na miaka, ikishafukuliwa na kujengwa upya, kwa kawaida hupimwa kama chanzo kipya, hata kama jicho la maji ni lile lile.

Wapo wanaouona huo kuwa urasimu mtupu, lakini kufukua chemchemi kunabadilisha mengi. Udongo uliolala juu ya jicho ulikuwa ukichuja maji ya mvua kabla hayajafika chini. Ukiondolewa, kinga hiyo imekwenda. Hata mkondo wenyewe unaweza kuhama na kuanza kutokea upenyo mwingine. Ndiyo sababu mkaguzi huanza kwa kuzunguka eneo zima kwa miguu, kabla ya kushika chupa ya sampuli. Anatazama kama chumba cha kukusanyia maji kimefunikwa vizuri, kama udongo wa mfinyanzi umeshindiliwa nyuma yake, kama upande wa juu kuna mfereji wa kukinga maji ya mvua, kama uzio unazuia mifugo, na kama bomba la kutolea maji yanayozidi lina wavu. Anauliza pia kuna nini mlimani juu: vyoo, mashamba yanayotiwa mbolea, machimbo. Kiasi cha maji nacho hupimwa, na kipimo cha maana ni cha kiangazi.

Swali gumu kuliko yote ni kama maji hayo ni ya chini ya ardhi kweli. Kwenye miamba ya chokaa yenye nyufa, maji ya mvua yanaweza kuzama na kutokea kwenye chemchemi baada ya saa au siku chache tu, bila kuchujwa. Dalili zake zinaonekana kwa anayefuatilia: maji yanaingia tope baada ya mvua kubwa, au joto lake linapanda na kushuka kufuata hali ya hewa, ilhali maji ya kina kirefu hubaki karibu na joto lile lile mwaka mzima. Dalili hizo zikithibitika, chemchemi huchukuliwa kama mto. Klorini peke yake haitatosha, kwa kuwa kimelea cha Cryptosporidium huihimili. Itahitajika mitambo ya kuchuja, au mwanga wa urujuanimno (UV) wa kudhibiti vimelea, au vyote viwili.

Kisha zinakuja sampuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka bakteria aina ya E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi, wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa kila lita, naitreti isizidi miligramu 50, floraidi 1.5 na aseniki 0.01. Chumba kipya husafishwa kwanza kwa klorini na kusuuzwa, maana mikono na zana za mafundi nazo huacha uchafu. Lakini sampuli inaeleza maji ya siku ilipochukuliwa. Jibu safi la kiangazi halisemi chochote kuhusu masika, na hapo ndipo masharti ya idhini yanapobeba uzito.

Mji wa Walkerton, Kanada, ulilijua hilo kwa uchungu. Kisima chake kimoja kifupi, kilichochimbwa 1978 kwenye mwamba wenye nyufa, kiliidhinishwa bila masharti mahususi ya uendeshaji, ingawa udhaifu wake ulikuwa umeonekana tangu mwanzo. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi kisimani, na klorini iliyokuwa ikitiwa haikutosha. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba vipima klorini na tope vinavyofanya kazi muda wote vingeuzuia mlipuko huo.

Masharti, basi, ndiyo sehemu ya idhini ninayoona inafaa kusomwa na kila anayekunywa maji hayo: sampuli zichukuliwe mara ngapi, tope likifika kiwango gani maji yafungwe, nani apigiwe simu, na wananchi watangaziwe vipi kuchemsha maji. Idhini inaweza pia kusimamishwa au kufutwa. Ardhi ikiporomoka juu ya chemchemi, machimbo yakifunguliwa jirani, au bomba likiongezwa kuchukua maji zaidi, mwendeshaji anapaswa kurudi kwa mamlaka kabla ya kuendelea kuyasambaza.