Je, wajua kwa nini pesa za kijana wa motokrosi, mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, hukuta deni likizisubiri nyumbani?

Septemba 2023, katika uwanja wa Memorial Coliseum jijini Los Angeles, Haiden Deegan alitwaa ubingwa wa daraja la 250 (pikipiki za injini ya sisi, yaani cc, 250) wa SuperMotocross, mashindano yaliyozinduliwa Marekani mwaka huohuo. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 500,000. Deegan alikuwa na miaka 17. Usiku uleule Jett Lawrence wa Australia, mwenye miaka 20, aliondoka na dola milioni 1 za daraja kubwa, la 450.

Vijana kushinda si jambo geni katika mchezo huu. Mbio zilizozaa supakrosi, yaani motokrosi ya ndani ya viwanja vya michezo, zilifanyika uwanja huohuo mwaka 1972, na mshindi, Marty Tripes, alikuwa na miaka 16. Kilichobadilika ni ukubwa wa pesa. Ndipo linapokuja swali: mtu ambaye sheria bado inamhesabu mtoto anazishikaje pesa za namna hiyo, na kwa nini mara nyingi zinamkosanisha na watu waliompenda kabla hajawa na kitu?

Nionavyo mimi, chanzo cha vuta nikuvute hiyo kiko miaka kumi na zaidi kabla ya mshahara wa kwanza.

Mtoto wa Kimarekani mwenye kipaji cha mpira wa kikapu huchukuliwa na shule. Shule ina uwanja, ina kocha, ina basi la kusafiria, na mbele yake kuna chuo kikuu kinachoweza kumlipia ada. Motokrosi haina njia hiyo. Hakuna timu ya shule wala ufadhili wa chuo unaomsubiri kijana mwisho wa safari. Kila kitu hubebwa na familia. Mtoto huanza mashindano akiwa na miaka minne, juu ya kipikipiki cha sisi 50, kisha hupanda hadi 65, hadi 85, na kila anapokua miguu pikipiki ya jana haimfai tena. Moja haitoshi, kwa sababu ikiharibika wikendi ya mbio lazima kuwe na nyingine. Ongeza matairi, vipuri, mafuta, ada za kushiriki, gari la kubebea mizigo, na maelfu ya kilomita za barabara.

Safari hizo nyingi huelekea mahali pamoja: shamba la Loretta Lynn, Hurricane Mills, jimboni Tennessee, ambako mashindano ya taifa ya ridhaa yamekuwa yakifanyika tangu 1982. Kila mwaka maelfu kwa maelfu hujaribu kufuzu kupitia mechi za mchujo, na wachache tu ndio hufika. Timu kubwa hutazama huko kutafuta vipaji, kwa hiyo familia inayotaka mtoto wake aonekane haina hiari. Wengi humtoa mtoto shuleni akasomea nyumbani ili apate muda wa mazoezi. Baba huwa fundi, dereva na kocha. Mama huwa mwalimu, mhasibu na muuguzi. Ndugu wengine hufuata msafara wapende wasipende.

Familia ya Lawrence ni mfano unaojulikana vizuri. Darren na Emma Lawrence waliondoka Queensland na watoto wao, wakaenda Ulaya kumtafutia Hunter, kaka yake Jett, nafasi katika mbio za dunia, kisha mwaka 2019 wakavuka hadi Marekani. Mabara matatu, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahakikishia kwamba pesa walizokuwa wakizimwaga zingerudi. Kwao zilirudi. Mwaka 2023 Hunter alikuwa bingwa wa motokrosi wa daraja la 250 na Jett akawa bingwa wa daraja la 450 bila kushindwa hata mbio moja, 22 kwa 22. Lakini kwa kila familia ya namna hiyo zipo nyingi zilizouza nyumba na kumaliza akiba, kisha mtoto akavunjika nyonga akiwa na miaka 15.

Sasa fikiria mkataba wa kwanza wa timu ya kiwanda, yaani ya kampuni inayotengeneza pikipiki, ukifika mezani. Kijana anauona kama mshahara wake. Wazazi, hata wale wema kabisa, wanauona kwa macho mawili: furaha ya mtoto, na miaka kumi ya jasho lao. Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba gharama zile zilikuwa mkopo. Hakuna pia aliyewahi kusema hazikuwa mkopo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lisilo na hesabu halina siku ya kwisha. Kijana anaweza kuwanunulia wazazi nyumba na bado akajiuliza kama inatosha, na mzazi anaweza kupokea nyumba hiyo na bado akaumia siku mwanawe anapomwambia asije kwenye mazoezi. Nasema haya kwa uzito kwa sababu naona watu wengi hulaumu tamaa ya wazazi, ilhali mara nyingi tatizo ni ukimya. Laiti siku moja wangekaa chini, kabla pesa hazijaanza kuingia, na kuamua kwa maneno ya wazi: yale tuliyotumia yalikuwa zawadi, au yalikuwa mkopo wa kiasi fulani, au kuanzia sasa tutalipwa mshahara wa kazi fulani kwa muda fulani. Jibu lolote kati ya hayo ni bora kuliko kukosa jibu.

Mambo yanazidi kuwa magumu kwa sababu pesa zenyewe si nyingi kama zinavyoonekana runingani. Mwendeshaji wa juu hulipwa kwa mafungu: mshahara wa msingi kutoka kiwandani, bonasi za ushindi, za kufika jukwaani na za ubingwa, halafu wadhamini wa kofia, buti, miwani na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kwa baadhi ya vijana bonasi ndizo mzigo mkubwa wa mapato, na bonasi hutegemea mguu mzima. Zaidi ya hayo, kwa kawaida yeye si mwajiriwa. Ni mtu aliyejiajiri. Hakuna anayemkata kodi kabla hajalipwa, wala hakuna chama cha wafanyakazi kinachomtetea mezani kama ilivyo kwa wachezaji wa kikapu au besiboli wa Marekani.

Tuseme kijana ana mkataba wa dola 150,000. Wakala akichukua asilimia 10, zimebaki 135,000. Kocha wa mazoezi ya mwili, nyumba karibu na viwanja, gari, bima na safari za binafsi zikila 40,000, zimebaki 95,000. Juu ya hizo kuna kodi ya hifadhi ya jamii na matibabu ya waliojiajiri, ambayo kiwango chake ni asilimia 15.3, na bado kodi ya mapato ya serikali kuu haijaguswa. Kodi hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka, na kijana wa miaka 18 ambaye hajawahi kujaza fomu hata moja anaweza kutumia pesa za serikali akidhani ni zake. Akija kushtuka mwezi wa nne, wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi, zimekwisha kuwa gari. Kinga yake si elimu kubwa: ni akaunti ya pili, ambamo sehemu ya kila malipo huingia siku ileile yanapofika, na mhasibu asiye ndugu.

Hapa pia ndipo unapoelewa kwa nini waendeshaji wengi huishi Florida. Kuna viwanja vya mazoezi na jua la mwaka mzima, hilo ni kweli, lakini pia jimbo hilo halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Hata hivyo supakrosi huzunguka majimbo mengi, na jimbo kama California hudai sehemu yake ya kile kilichochumwa ndani ya mipaka yake.

Wanaojitegemea, wasio na timu ya kiwanda, wako katika hali ngumu zaidi. Usiku wa supakrosi, fainali ya daraja la 450 huwa na waendeshaji 22 tu. Anayekwama kwenye mbio za mchujo huenda akalipwa kiasi kisichofidia hata safari. Kwa hawa familia haikomi kuwa mfadhili, na mwana wa miaka 24 bado anamwomba baba pesa za matairi. Upande wa Ulaya, katika mbio za dunia za MXGP, hali haina nafuu sana: wapo wanaopata kiti kwenye timu kwa sababu wamekuja na mdhamini wao mfukoni.

Sheria inasemaje kuhusu walio chini ya miaka 18? Mtoto hafungwi na mkataba kama mtu mzima, kwa hiyo timu hutaka saini ya mzazi. Ndiyo kusema mzazi yuko pande zote mbili za meza, anamwakilisha mtoto na pia anaendesha maisha yanayotegemea mkataba huo. California ina sheria ya mwaka 1939 iliyotokana na mkasa wa Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza filamu, akachuma mamilioni, kisha alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Kwa mikataba inayoangukia chini yake, sheria hiyo sasa inataka angalau asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe kwenye amana isiyoguswa hadi afikishe miaka 18. Si kila jimbo lina kinga kama hiyo. Familia inaweza kujiwekea yenyewe, ikafungua amana kwa jina la mtoto au akaunti ya kustaafu inayoruhusiwa kwa mtoto mwenye kipato chake. Ila lazima mtu mzima aliyechoka na mwenye madeni aamue kujifungia mlango yeye mwenyewe.

Kuhusu mahusiano, naona waliofanikiwa zaidi ni wale waliotenganisha majukumu mapema. Ricky Carmichael, mwendeshaji maarufu wa Marekani, alikuzwa kimichezo na mama yake, Jeannie, aliyesimamia mazoezi yake kwa ukali uliojulikana viwanja vyote. Alipohangaika kwenye daraja kubwa la supakrosi, mwaka 2000, alimchukua Aldon Baker, mkufunzi kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2001 alimvua Jeremy McGrath taji la supakrosi. Mzigo wa kumsukuma kijana kila asubuhi ulihamia kwa mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, ambaye ukigombana naye saa mbili asubuhi hamkai naye meza moja jioni.

Si kila mtu anahitaji njia hiyo. Eli Tomac, mwendeshaji mwingine wa juu, alibaki Colorado na kufanya kazi na baba yake, John, aliyekuwa bingwa wa dunia wa baiskeli za milimani mwaka 1991. Baba huyo alikuwa na taaluma yake, jina lake na pesa zake. Hakuhitaji ushindi wa mwanawe ili ajione ameishi, na nadhani hilo lina uzito kuliko ujuzi wowote wa mazoezi. Brian Deegan, babake Haiden, naye alitamba kwenye motokrosi ya mitindo huru kabla ya watoto wake kujulikana. Wao wamefungua njia nyingine ya mapato: familia hurekodi maisha yake na kuyaweka YouTube. Inawapa uhuru ambao bonasi haziwezi kuwapa, maana video hulipa hata wiki ambayo mkono umefungwa plasta. Lakini kazi na nyumbani hapo havina ukuta katikati, na kijana anayeishi hivyo anahitaji mahali ambapo kamera haiingii.

Na ndugu? Hunter na Jett Lawrence sasa husimama kwenye geti moja la kuanzia mbio, timu moja, daraja moja. Mwaka 2025 Jett alikuwa bingwa wa motokrosi ya 450 na Hunter wa pili, maana yake bonasi ya mmoja ndiyo aliyoikosa mwingine.

Haya yote yanabanwa na muda. Carmichael alistaafu akiwa na miaka 27. Ryan Villopoto, bingwa wa supakrosi mara nne mfululizo kuanzia 2011, aliacha akiwa na 26. Ryan Dungey, 27. Na hao ni waliochagua siku. Ken Roczen alishinda mbio mbili za kwanza za msimu wa 2017, kisha akaanguka Anaheim na kuuharibu mkono wa kushoto kiasi cha kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi. Ushindi wake uliofuata wa supakrosi ulikuja Januari 2020. Mikataba mingi ina vipengele vya kupunguza malipo mwendeshaji akikaa nje muda mrefu. Tangu Jimmy Button alipoumia shingo San Diego mwaka 2000, kuna mfuko uitwao Road 2 Recovery unaochangisha pesa kwa waendeshaji wa kulipwa walioumia vibaya. Kuwepo kwake kunaonyesha jinsi bima na akiba za wengi zisivyotosha.

Kwa hiyo mwendeshaji makini huishi kwa mshahara wa msingi tu na kuziweka bonasi kando. Hununua ardhi au nyumba ya kupangisha kabla ya gari la pili. Na anapooa, jambo ambalo wengi hulifanya mapema, huwa kuna makabidhiano ambayo watu husahau kuyapanga: mke ndiye sasa anayeshika ratiba, tiketi na akaunti, kazi ambazo mama alizifanya kwa miaka 15 bila malipo. Wazazi wanaoambiwa miezi kadhaa kabla, na kijana mwenyewe, si na wakala wala na mkwe, huwa na nafasi ya kuuliza, kukasirika na kukubali wakati bado hakuna mbio wikendi inayofuata.